Nani aligeuza sinia? Jibu kwa mwalimu wa Bombo anayeandika riwaya ya mauaji

SWALI: Asalaam aleikum mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Bombo, na kwa miaka miwili naandika riwaya ya Kiswahili. Kassim ana duka la spea katika soko la Kisekka, Kampala, na nyumba Matugga. Mkewe ni Zaituni, hawara wake ni Peace. Anampa jambazi mmoja kutoka ng'ambo shilingi milioni 50 amuue Zaituni, ili alipwe bima ya maisha na amwoe Peace. Zaituni anausikia mpango akiwa nyuma ya mlango, anaurekodi kwa simu. Wenzangu wanaonisomea rasimu wanasema mtu hafungwi kwa maneno matupu, kwa hiyo nikaongeza sura ambamo Peace anakunywa chai iliyotiwa sumu kwa ajili ya Zaituni, anakufa. Sasa wanasema hiyo ni ajali, si mauaji. Nani mkweli? Na mahakamani uzinzi wa Kassim utakuwa na uzito gani? Samahani kwa maswali mengi.

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu, na pole na kazi. Kuandika riwaya huku rundo la madaftari linakusubiri si mchezo.

Wenzako wamekosea mara mbili, ila usiwalaumu. Vijana wanaotoka chuo cha sheria na cheti kibichi mkononi hukosea hapohapo. Kassim ni mhalifu tangu siku yule mtu wake alipojibu "sawa, nitaifanya". Chai hukuihitaji. Na ukiamua kuibakiza, kifo cha Peace ni mauaji ya kukusudia. Uzinzi nitaujia baadaye.

Tuanze na hilo "sawa". Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda ina kosa la kula njama ya kuua, na linasimama lenyewe bila maiti. Anayekubaliana na mwenzake kumuua mtu yeyote, awe ndani ya Uganda au nje, amekwisha kutenda kosa, na kifungo chake hufika miaka 14. Sumu, kisu, damu, vyote havimo katika maelezo ya kosa hilo. Kinachotafutwa ni patano. Swali la mpelelezi linakuwa moja tu: watu hawa walikubaliana, ndiyo au hapana?

Juu ya njama kuna jaribio la kuua, ambalo adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Hapa mtu ametoka kwenye maneno, ameanza kuitekeleza nia yake kwa njia inayofaa kuitimiza, na ametenda jambo linaloonekana. Halafu kuna kipande ambacho mwandishi mwenye njaa angekiiba: sheria yetu inasema haidhuru kama mtu alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake au aliacha mwenyewe kwa hiari yake. Kuacha kutampunguzia adhabu pengine. Kosa liko palepale. Kwa hiyo Kassim akishatia kitu kikombeni, mkono ukamtetemeka, akaimwaga chai kwenye karo akalia, msomaji atamwona ametubu na mwendesha mashitaka atamwona amejaribu. Ningekuwa wewe ningeiandika sura hiyo hata kama mwishowe ningeitupa.

Sasa niruhusu nikuudhi kidogo. Bima iondoe.

Bima yote ya Uganda, ya magari, ya moto, ya maisha na kila kitu, haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Mfanyabiashara wa Kisekka huweka pesa zake kwenye kiwanja, kwenye mzigo, kwenye matofali. Akionekana anamkatia mkewe bima kubwa ya maisha, mtaa mzima utauliza kuna nini kabla ya polisi kuuliza. Hiyo umeichukua kwenye filamu, na msomaji wa Bombo ataisikia harufu ya filamu.

Na kuna tatizo kubwa zaidi ya bima. Umewapa majina ya Kiislamu, hivyo nachukulia walifunga nikahi. Mwanamume wa nikahi akimpenda Peace, ana njia mbili zilizo wazi mbele yake: amwoe awe mke wa pili, au atoe talaka. Kwa nini aue? Wasomaji wako wa Bombo, ambao wengi wana shangazi aliyewahi kupewa talaka na mjomba mwenye wake wawili, watafunga kitabu hapo. Kama walifunga ndoa kanisani au kwa msajili, hesabu ni nyingine: ndoa hiyo ni ya mke mmoja, kuoa mwingine juu yake ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5, na kuivunja lazima uende mahakamani. Hapo mtu mwoga wa aibu anaweza kuanza kuwaza ujinga. Kwa hiyo ama wabadilishie ndoa, ama umpe Kassim sababu ambayo talaka haiitibu.

Sababu ninayo, na ni ya hapa nyumbani kabisa: saini.

Sheria ya ardhi ya Uganda inakataza kuuza, kuweka rehani au kukodisha ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi wa ndoa, na sheria ya rehani ya 2009 inasema hivyohivyo kuhusu nyumba ya ndoa. Ile nyumba ya Matugga, hata kama hati ina jina la Kassim peke yake, benki itataka kumwona Zaituni, asaini kwa mkono wake. Sasa mwingize Kassim kwenye deni. Kontena la spea limekwama, mkopeshaji anapiga simu kila asubuhi, na kitu pekee chenye thamani ni hati ya Matugga. Zaituni anakataa kusaini. Hapigi kelele, anasema "hapana, watoto watalala wapi?" na kuendelea kukunja nguo. Akimpa talaka, saini haitahitajika tena, lakini Zaituni ataweza kudai mahakamani mchango wake katika nyumba ile, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2013 mchango huo si lazima uwe pesa taslimu. Kupika, kulea na kusimamia ujenzi navyo huhesabiwa. Talaka inamwondolea saini, inamletea kesi, na mkopeshaji hasubiri kesi.

Hapo Peace anakuwa kitu kingine pia. Si lazima awe sababu ya kuua; anaweza kuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Kumbuka njama inahitaji mtu wa pili. Siku Kassim anapomwambia Peace kitandani "ningekuwa sina mke, haya yote yangeisha," na Peace akakaa kimya, hakuna njama bado. Akijibu "namjua mtu," imeanza. Umbali kati ya kimya na sentensi hiyo ni sura nzima, mwalimu, na hukuiandika.

Yule jambazi wa ng'ambo mwenye miwani myeusi mwachie mwenzako anayeandika filamu. Katika mafaili niliyoyashika, anayekodiwa ni mtu anayejua mbwa wa nyumbani anaitwaje. Mlinzi wa usiku. Kijana wa boda anayewapeleka watoto shule. Binamu aliyekosa kazi. Tena mara nyingi hana ujuzi wowote wa kuua. Ana shida ya pesa tu, na mwenye shida ya pesa hurudi kudai nyongeza.

Mwanzoni mwa kazi yangu, nikiwa mwendesha mashitaka kijana katika mji ambao sitautaja, nililetewa faili lililonuka mafuta ya taa. Mwenye duka alimpa mlinzi wake shilingi laki mbili amwondoe mkewe. Mlinzi akazila. Zikaisha. Akarudi kwa tajiri, akaambiwa hapati senti mpaka kazi iishe. Basi asubuhi moja alimwendea yule mama mwenyewe uani, akamwamkia kwa adabu, akasema: "Mama, mzee amenipa laki mbili nikuue. Wewe una ngapi?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, chuya upande huu na mchele upande ule, ndipo akamjibu, "Kaa kwanza nikuletee chai." Alipoingia jikoni alimtuma mtoto kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Mlinzi alikamatwa akiwa na kikombe mkononi, na baadaye alishangaa kweli kweli kwamba watu walimwona mbaya. Yeye alijua amemfanyia mama hisani.

Tulikuwa na shahidi, lakini shahidi wa aina mbaya. Mlinzi alikuwa mshiriki wa njama. Mahakama zetu haziharamishi ushahidi wa mshiriki, ila jaji hujionya mwenyewe, na huwaonya wazee wa baraza anaokaa nao, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwenziwe katika uovu bila kitu kingine cha kuyaunga mkono. Kile kitu kingine tukakipata kwenye daftari la duka. Mwenye duka, kwa mazoea ya biashara, alikuwa ameandika: "Mlinzi, advansi, 200,000." Mshahara wa mlinzi ulikuwa 25,000 kwa mwezi. Hakuna aliyeweza kueleza mbele ya jaji kwa nini tajiri bahili amlipe mlinzi mshahara wa miezi minane kwa siku moja.

Kassim wako ni mtu wa Kisekka. Ataandika. Kama si daftarini, simu itamwandikia. Ndiyo maana nakuomba uamue hadithi ni ya mwaka gani, jambo ambalo rasimu yako haisemi. Ikiwa ni kabla ya 2009, hakuna pesa za simu, atatoa noti mkono kwa mkono. Usajili wa laini ulianza 2012, na kuanzia 2017 kila laini ikafungwa kwenye namba ya kitambulisho cha taifa. Kamera za barabarani Kampala ziliwekwa baada ya mauaji ya wakubwa yaliyotutikisa mwaka huohuo wa 2017, na namba mpya za magari zenye kufuatiliwa zilianza mwishoni mwa 2023. Kila moja ya tarehe hizi inamfungia Kassim mlango mmoja. Milioni 50 kwa mkupuo nazo usizitaje tena. Aliyebanwa na deni hana milioni 50. Mpe malipo ya kwanza ya shilingi 500,000, zimetumwa saa tatu na dakika kumi na nne usiku, na pale simu inapouliza sababu ya malipo, kwa woga au kwa mazoea, ameandika "tairi". Kijana aliyepokea ana boda. Tairi la boda haliuzwi laki tano. Mpelelezi hahitaji kuisema hiyo kwa sauti; mwache aiangalie tu ile karatasi ya kampuni ya simu, aipige mstari kwa kalamu nyekundu.

Sasa Zaituni amesikia na amerekodi. Akienda kituoni atafunguliwa taarifa kwenye kitabu cha kituo, apewe namba ya kitabu hicho, wanayoiita SD, kwenye kipande cha karatasi, na uwezekano mkubwa askari wa kaunta atamwambia arudi nyumbani "wakapatane na mzee". Hiyo usiikwepe, iandike, maana ndipo hofu ilipo: mwanamke anarudi kulala nyumba moja na mtu ambaye anajua anataka kumuua. Kuhusu rekodi, asiikate, asiifute, na asitupe simu yenyewe akabaki na nakala aliyomtumia dada yake. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika kwa sheria ya 2011, lakini mahakama itauliza nani aliushika, lini, na umeguswa au la. Na kama mtu atakuambia mke hawezi kutoa ushahidi juu ya mumewe, mwambie siri za mume na mke hazilindi jinai ambayo mmoja anamtendea mwingine. Halafu maneno aliyoyasikia Zaituni hakuambiwa yeye. Aliambiwa mtu mwingine upande wa pili wa mlango.

Waandishi wengi hapa humtuma askari akajifanye muuaji. Inafanyika, ila ina mtego. Kama mtu wa pili pekee aliyewahi kumwambia Kassim "sawa" ni yule askari, wakili wa utetezi atasimama aseme njama inataka watu wawili walioafikiana, na huyu afande hakuafiki kitu, alikuwa kazini. Mashitaka itabidi yajengwe kwa njia nyingine, ya kushawishi mtu atende jinai. Kwa hiyo panga tarehe zako vizuri: kijana wa boda alikubali Jumatatu kwa moyo wake wote, akala pesa Jumanne, akaogopa Ijumaa akaenda polisi. Toba ya Ijumaa haiifuti Jumatatu. Akitubu Jumapili kabla ya "sawa", huna kesi ya njama.

Kuna sehemu moja ambapo sisi wanaoandika Kiswahili Uganda tuna hazina ambayo anayeandika Kiingereza hana, nayo ni maelezo ya mshitakiwa. Mimi nilizaliwa kambi ya polisi Nsambya, baba alikuwa konstebo, na Kiswahili changu cha kwanza ni cha gwaride. Unajua mwenyewe: Katiba imekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kwa mfanyabiashara wa Kiganda wa rika la Kassim, Kiswahili kikibisha mlango usiku bado ni sauti ya askari. Wazee wake walizikimbia "panda gari", misako ya askari ya miaka ya themanini. Mtu akisema "Fungua! Nani iko ndani?" tumbo linashuka kabla akili haijaelewa.

Basi Kassim yuko mbele ya mpelelezi. Kisheria, kukiri mbele ya polisi hakufai kitu isipokuwa aliyeandika ni wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu, au hakimu. Konstebo hata akisikia kila kitu, ameambulia masengenyo. Na maelezo yaandikwe kwa lugha aliyoitumia mshitakiwa, kisha ndiyo yatafsiriwe Kiingereza. Angalia inavyokwenda:

"Wewe ulimwambia nini huyu kijana?"

"Nilimwambia anisaidie kumnyamazisha mke wangu."

"Kumnyamazisha namna gani?"

"Kumnyamazisha tu, afande. Alikuwa anasumbua na mambo ya hati."

Mama humnyamazisha mtoto. Jambazi humnyamazisha shahidi. Afisa mvivu, akitaka kuokoa muda, ameruka Kiswahili akaandika moja kwa moja Kiingereza, na katika Kiingereza chake Kassim amesema "kuua". Mwaka mmoja na nusu baadaye wakili anasimama Mahakama Kuu na kuuliza: ile karatasi ya Kiswahili iko wapi? Wazee wa baraza wanatolewa nje, inaanza kesi ndani ya kesi, ya kuamua kama maelezo hayo yapokewe, na watu wazima waliovaa majoho wanabishana saa mbili juu ya kitenzi kimoja. Nimekaa katika vyumba hivyo. Kuna jasho la aina yake. Ukiandika tukio hilo kwa Kiswahili, msomaji hahitaji kuelezwa chochote. Analijua neno, anasikia maana zote mbili kwa pamoja, na anahukumu pamoja na jaji.

Uzinzi. Zamani ulikuwa jinai, tena jinai ya upande mmoja: mke wa mtu akitoka nje alikuwa na kosa na mwanamume aliyetoka naye alikuwa na kosa, lakini mume wa mtu na msichana asiyeolewa walikuwa huru kabisa. Wanasheria wanawake wakaenda Mahakama ya Katiba, na 2007 kifungu kikafutwa kwa ubaguzi huo. Kabla yake, 2004, mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema sababu za talaka ziwe sawa kwa mume na mke, maana mume aliweza kuachana na mkewe kwa uzinzi peke yake ilhali mke alitakiwa aongeze ukatili au kutelekezwa juu yake. Kwa hiyo mashitaka hayatamwita Kassim mzinzi. Yatamweka Peace kwenye hadithi kama nia tu, na nia haimfungi mtu yeyote. Wenye tamaa ya kuoa tena ni wengi kuliko wauaji.

Msomaji mwingine anaweza kukuuliza: je, kama ni Zaituni aliyewafuma kitandani akashika panga? Hapo sheria ina mlango wa hasira ya ghafla, ambao hugeuza mauaji kuwa kuua bila kukusudia, na kipimo chake ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshitakiwa. Lakini lazima damu iwe bado inachemka. Aliyerudi nyumbani, akapika, akalala, akaamka na mpango, mlango huo umekwisha kufungwa. Riwaya yako ni ya watu wanaopanga, hivyo usihangaike nao.

Nije kwenye chai. Kusudio la kuua, kwa sheria yetu, ni nia ya kusababisha kifo cha mtu yeyote, awe ndiye aliyekufa au siye. Kifungu kimeandikwa kama vile mtunzi wake aliiona meza yako. Kassim alitaka afe Zaituni, amekufa Peace, nia inahama pamoja na kikombe. Ajali haipo.

Utaratibu nitaupitia mbio. Mwili utakwenda mochwari ya Mulago na fomu ya polisi namba 48, sampuli zitakwenda maabara ya serikali Wandegeya, na majibu hayaji kesho. Polisi watawakamata wote waliokuwa nyumbani, Zaituni pia, na kwa Katiba wana saa 48 kuwafikisha mahakamani. Hakimu atasoma shitaka la mauaji lakini hatamuuliza Kassim kama anakiri, kwa kuwa kesi hiyo ni ya Mahakama Kuu peke yake. Atakwenda rumande Luzira. Siku 180 zikipita bila kupelekwa rasmi Mahakama Kuu, Katiba inampa haki ya dhamana, na hilo linaweza kukupa sura ya kutisha: amerudi mtaani, ananunua mkate duka lilelile analonunua Zaituni.

Usimnyonge ukurasa wa mwisho. Susan Kigula, aliyehukumiwa kwa kumuua mwenzi wake huku akisisitiza hakutenda, aliishitaki serikali pamoja na wafungwa wenzake 416, na 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Jaji sasa hupima. Mwongozo wa hukumu wa 2013 unaanzia miaka 35 kwa mauaji. Na mhusika wako yeyote asitaje namba za vifungu, maana zilibadilika katika toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2024.

Jambo moja la mazishi, kwa kuwa ni wewe na ni Bombo. Tuseme mpango ungefaulu, Zaituni ndiye aliyekufa. Kassim angehimiza azikwe kabla ya jua kuchwa, na hakuna ambaye angemshuku kwa haraka hiyo, maana ndivyo tunavyowazika watu wetu. Ushahidi wote ungekuwa chini ya udongo baada ya laasiri. Kumfukua kungetaka amri ya mahakama na ndugu mwenye moyo wa kusimama mbele ya masheikhe aseme "subirini". Ndugu huyo ni nani? Sijamwona kwenye maelezo yako, na kama simuoni, Kassim naye amekwisha kugundua kwamba hayupo.

Sasa hili ndilo lililonikosesha usingizi jana. Umeandika "Peace anakunywa chai iliyotiwa sumu kwa ajili ya Zaituni," kana kwamba vikombe vina miguu. Zaituni ameusikia mpango mlangoni. Anajua. Hawara wa mumewe yuko sebuleni kwake, kwa sababu ambayo hujaieleza, na vikombe vinakuja. Kama Zaituni hakujua ni siku hiyo, na vikombe vilichanganyika, mauaji ni ya Kassim. Kama alijua kikombe ni kipi na akakaa kimya, mashitaka watakuwa na kazi ngumu mno, maana kimya ni kigumu kukiweka kizimbani, na msomaji wako atabaki naye peke yake. Lakini kama alinyoosha mkono akaligeuza sinia nusu duara, wakili wa Kassim atasema mnyororo umekatwa na mkono huo. Mteja wake ataomba abaki na jaribio la kuua, na atakayesimama kizimbani kwa mauaji ya Peace ni Zaituni, akiwa na ile rekodi yake ya simu, ambayo sasa inathibitisha kwamba alijua.

Usinijibu kwa barua. Niandikie sura, na uianze sinia likiwa bado mikononi mwa msichana wa kazi, hajafika mlango wa sebule.